Maziwa Niliyoyamwaga

Mjukuu wangu Salma,

Asubuhi umeniamkia na marahaba nimekuitikia, kwa hivyo salamu zimekwisha. Ya safari pia sina. Sweta umenunua, dawa unazijua kuliko mie, na hiyo Sumbawanga unayokwenda kufanya kazi ya ukunga siijui hata iko upande gani. Nina jambo moja tu, na jambo lenyewe linanuka.

Kalamu anayo Mama Yosefu wa ghorofa ya chini, mama yako wa kunyonya. Mie unanijua, skuli niliiona kwa nje tu, nikipita na ndoo ya dagaa kichwani huko kwetu Mkokotoni. Mie nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asinipambie hata neno moja, na nikitukana aandike tusi. Kanijibu, "We sema tu, Bi Mize. Matusi yako nilishayazoea." Unaona alivyo.

Saa hizi uko Chwaka unamuaga shangazi yako Mwanaisha, na utarudi kabla ya Magharibi. Nataka barua hii uikute. Ningeweza kungoja nikakwambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu naujua. Juzi umeniuliza swali jikoni, mdomo ukakudanganya papo hapo, wala haukujikwaa.

Unakumbuka ilivyokuwa. Walikuja jamaa wote kwenye dua yako ya safari. Mikeka ikajaa mpaka kwenye ngazi, haluwa ikaliwa, kahawa ikanywewa, kila mtu anataka kupiga picha na wewe. Bi Riziki, mtoto wa ami yangu, akakushika kidevu mbele ya watu akasema, "Damu yetu hii. Angalieni pua." Wanawake wakaitikia. Namjua Bi Riziki huyo, na nayajua aliyoyasema juu ya damu hiyo ulipokuwa mchanga na huna kazi wala cheti. Shangazi yako alikuwa anakusanya vikombe. Akasema kwa sauti ya chini, "Damu yetu, na maziwa kanyonya kwa jirani." Ukasikia. Ukanifuata jikoni ukaniuliza kwa nini shangazi hakukunyonyesha, na Abdalla wake alikuwa mchanga wakati ule ule.

Nikakwambia shangazi yako alikauka.

Hakukauka, Salma.

Mama Yosefu kaacha kuandika, ananiangalia juu ya miwani. Naye uongo huo nilimpa, tangu siku ya kwanza, na ndio kwanza leo anasikia kwamba ni uongo. Nimemwambia ashike kalamu, yote atayasikia.

Baba yako, mwanangu Makame, alimuoa mama yako bila ya ridhaa yangu. Mama yako Tatu, Mungu amrehemu, alikuwa mtoto wa fundi muashi aliyetoka bara. Mwislamu kama mie, mpole, mikono haimtulii. Kosa lake hana kwao. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema, hana kwao, na mtoto wa watu yuko chumba cha pili anasikia. Sisi watu wa Mkokotoni babu zetu tunawataja mpaka wa saba. Nilidhani jamaa hutoka huko, kwa babu wa saba, na mie nimeachiwa ufunguo nikae mlangoni niseme nani aingie na nani abaki nje.

Makame akenda Maskati kutafuta kazi, akamwacha mama yako kwangu na mimba changa. Changa mno, nikasema mie. Nikakaa na Bi Riziki tukahesabu miezi kwa vidole, tukaipeleka mbele tukairudisha nyuma, mpaka ikatoka tunavyotaka: mimba si ya mwanetu. Wakati tunahesabu, mama yako alikuwa bafuni anafua mashuka yangu.

Ukazaliwa. Siku ya tatu mama yako akafa kwa homa ya uzazi, kitandani kwangu. Mara mbili aliniomba maji kabla sijanyanyuka kumletea. Hilo huwa silisemi, na leo nalisema kwa sababu nimeshafungua mdomo.

Tukakaa matanga. Nyumba imejaa wanawake, khitma inasomwa, wali unapikwa. Wanne au watano kati yao wana watoto wa kunyonya, na Mwanaisha ana Abdalla wa wiki tatu, kifua kimemjaa mpaka kinamuuma. Wewe uko chumbani, umezongwa kanga ya mama yako, unalia. Hakuna aliyenyanyuka. Wote wananiangalia mie, mkubwa wa nyumba. Unajua kwetu maziwa si uji. Mtoto akinyonya akashiba mara tano, ameshakuwa mtoto wa aliyemnyonyesha na ndugu wa watoto wake, haoani nao maisha, na hakuna kadhi wa kulivunja hilo. Mimba mtu anaweza kuikana. Maziwa hayakaniki.

Basi nikamwambia Mwanaisha, mbele yao, "Usimpe. Ukimpa huyu, keshaingia na hatoki tena."

Nikakukorogea maziwa ya kopo, maji mengi, ukaharisha. Bi Riziki alikuwa anamnyonyesha mwanawe, akaugeuzia mgongo mlango wa chumba chako akasema Mungu atamlea. Wenziwe wakaitikia amin, na mie nikaitikia pamoja nao. Jina la Mungu tulilifanya tambara la kufutia mikono. Tukajifuta, tukarudi kwenye sinia.

Siku ya pili yake, wewe mkunga unajua mambo haya, kila ukilia maziwa yanamtoka shangazi yako yenyewe. Kanga imelowa, yanadondoka sakafuni. Akawa analia na yeye. "Mama, mwili wangu unamsikia. Niache nimpe." Nikamfunga kifua kwa kanga nyingine, nikakaza fundo. Maumivu yalipomzidi nikampa bakuli ayakamue. Likajaa. Nikalichukua kwa mikono yangu hii, nikapita nalo mbele ya mlango wa chumba ulimokuwa unalia, nikayamwaga karoni, nikafungulia maji.

Ndilo hilo jambo lenyewe. Mie nimeuza samaki miaka thelathini, nimetia mikono kwenye matumbo yaliyooza. Nimeosha maiti waliokaa majini siku nne. Sijaona kitu cha kutia kinyaa kuliko lile bakuli lilivyokuwa limejaa, la moto bado, na aliyelishika ni mie.

Mama Yosefu alifika mchana ule ule kutoa pole, Yosefu wake mgongoni. Wanawake wakamwekea pa kukaa mlangoni, penye viatu, kwa sababu ni Mkristo na ni mtu wa kuja. Akakusikia. Akauliza mtoto ana nini. Akasimama, akatuvuka na miguu yetu, akaingia chumbani bila ya hodi, akakaa sakafuni akakuweka kifuani. Nilimfuata na maneno yamenijaa mdomoni. Hata hakuniangalia.

"Mtoto ana njaa, Bi Mize. Kama una maneno, nitayasikia akishashiba."

Nilisimama pale mikono inanuka maziwa ya binti yangu, nikamwambia Mwanaisha kakauka, maskini, ndiyo maana.

Hapa kaweka kalamu chini kweli. Kaenda dirishani, kakaa huko mpaka chai yake ikapoa. Mie nimekaa hapa nangojea, sikuwa na pa kwenda. Aliporudi hakukaa kitini.

"Siku saba nilimpikia Mwanaisha uji wa pilipili manga," kasema, "ili maziwa yarudi. Siku saba nilipanda ngazi hizi na bakuli, watoto wawili nyumbani wananililia."

Nikamwambia ndiyo. Na Mwanaisha aliunywa, na maziwa yakazidi, na mie nikazidi kumwaga.

"Na ukaniambia ahsante."

Nikamwambia ndiyo, na hilo aliandike.

Kaliandika. Utaona herufi zake zilivyolala hapo. Nikamuomba anisamehe, kwa mdomo, hapa mezani, mara ya kwanza kumuomba mtu huyu kitu chochote. Kaniambia nisimsumbue sasa, ana kazi. Kisha kanisogezea chai yake iliyopoa ninywe. Nikanywa kwenye kikombe chake.

Na kikombe pia nitakisema. Mwaka na nusu alikunyonyesha, wewe titi hili na Yosefu titi lile, ukilala kwake chini na Jumapili nikikaa nawe mie. Kila Jumapili akitoka kanisani hupita kwanza kwangu akunyonyeshe kabla hajavua viatu. Akimaliza nampa chai, na chai yenyewe kwenye kikombe chake peke yake, ambacho akishaondoka nakisugua kwa jivu na kukiweka kwenye dirisha la choo kisigusane na vyetu. Mtu anamtia mjukuu wangu uhai kutoka mwilini mwake, na mie naona kinyaa na mdomo wake. Nilidhani leo namfichulia siri. Kumbe anacheka.

"Hilo nilikuwa najua. Chai yako ilikuwa na ladha ya jiko."

Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa akinywa.

"Ngazi nyingi, Bi Mize. Nilikuwa na kiu."

Kinyaa changu hakikunitosha humu ndani, nikakipeleka mpaka kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Ulikuwa na miezi mitatu au minne. Nikamuuliza mtoto wa Kiislamu kunyonya kwa Mkristo si haramu. Nilikuwa na hakika Mungu yuko upande wangu, nilichotaka ni cheti tu. Yule mzee akaniambia maziwa yale ni halali, na yule mwanamke ni mama yake mtoto, heshima ya mama anayo. Hilo nililokuwa nalitafuta halimo. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama kwetu hakukuwa na mwanamke wa kukunyonyesha. Nikamwambia binti yangu alikauka. Basi uongo huu mmoja nimeutumia mara tatu, Salma. Kwa Mama Yosefu, kwa mwalimu, na kwako juzi. Na kwa mwalimu nilikuwa na udhu.

Usidhani nilitoka pale nimetakasika. Nilirudi nimekasirika, na kikombe nikakisugua vile vile.

Kilichonigeuza hakina maana yoyote ukikisimulia kwa watu. Ulikuwa na mwaka na kidogo. Mama Yosefu kakuleta, kakuacha kwangu aende sokoni mara moja. Nilikuwa nimeshavaa kanga zangu za kusalia, nangoja adhana. Ukaja unatambaa, ukanishika goti, ukasimama, ukanitapikia. Pajani, kifuani, kwenye nguo ya sala. Maziwa yaliyoganda, ile harufu. Na mie nikakufuta mdomo kwa kiganja. Kiganja, si kitambaa. Nikakuinua nikakunusa shingoni, nikakupa maji, nikakuimbia kitu cha kipumbavu. Adhana ikatoka, na mie ndio kwanza nashtuka: sikuona kinyaa. Mie, mwenye jivu langu.

Nikakaa chini nikajiuliza hili limetoka wapi. Kwenye damu halikutoka, damu nilikuwa nimeikana kwa ulimi wangu. Kwa babu wa saba halikutoka, hakuna mzee aliyeniamrisha. Sikuliomba, sikulitafuta, na kwa haki yangu sikustahili kupewa. Kuna aliyelitia ndani yangu nikiwa naangalia upande mwingine. Ni yule yule niliyekuwa nikilifutia mikono jina lake. Nikasali na nguo ile chafu, wakati ulikuwa unapita, na sijui mpaka leo kama sala ile ilisihi ama ilibatilika.

Baba yako aliporudi kukuona ulikuwa na miaka minne. Akaangalia pua yako akacheka, na kwa jamaa kesi ikaishia hapo: Bi Riziki akaja na haluwa. Wao walingoja pua. Kwangu mie kesi ilikuwa imeshakwisha zamani, siku ya kutapikiwa, na hata angerudi akasema si wake ningemfukuza yeye.

Sasa hivi utaniambia, Bibi, basi ulishanipenda, ya nini kunichafulia safari. Nakuchafulia kwa sababu ya neno ulilolisema jana ukikunja nguo. Umesema, "Kule sina mtu hata mmoja." Nimelisikia nikahisi uchungu mdomoni, maana ni neno langu hilo, la kwangu mwenyewe, nililomtupia mama yako. Hana kwao. Nimekulea miaka yote hii na huenda nimekulisha hilo bila ya kujua, pamoja na uji.

Mie si wa kumpa mtu mawaidha. Nakwambia tu nilichokiona. Nilidhani jamaa ni kitu chetu tulichorithi, na Mungu tunamwalika kwenye harusi na matanga aje abariki. Kumbe nyumba yake, na sisi sote humu ni wageni tuliokaribishwa, hata mie niliyekuwa nasimama mlangoni na ufunguo wa uongo. Maziwa ya Mwanaisha sikuyatia mie. Nikayamwaga kama yangu. Na wewe hukufa, kwa sababu Mwenyewe alikuwa ameshaweka maziwa mengine, akayaweka penye viatu, mahala ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anaangalia. Sumbawanga nako anakujua njia. Sikwambii ukae ungoje wa pua yako.

Na kazini kwako utawaona wenzangu. Watakuwepo, tuko kila mahala. Mtoto analia, mama kalala hana roho, na wakubwa wa ukoo wamesimama barazani wanahesabu miezi kwa vidole. Watakuwa na nguo safi, watamtaja Mungu sana. Wewe usihesabu nao. Na siku moja pengine atakuwepo mtu atakayekusugulia kikombe wewe, kwa Uislamu wako au kwa pwani yako. Utajua, kama alivyojua huyu. Sijui nikwambie ufanye nini hapo. Huyu alikunywa, na mie kunywa kwake kumenitia aibu kuliko angenivunjia kikombe chenyewe.

Mama Yosefu anasema barua imekuwa ndefu, mkono umemuuma. Anasema pia nikwambie kwamba uji ule wa pilipili manga haujutii, kwa sababu na yeye alikuwa akiunywa, na ndio uliompa maziwa ya kuwatosha nyinyi wawili. Sijui kama anasema kweli au ananihurumia. Mtu huyu hajulikani.

Mchana Mwanaisha kanipigia simu. Anasema ukimuuliza leo hatadanganya tena, amechoka kubeba bakuli langu. Kwa hivyo huenda unarudi nayo yote kichwani na umekaa kwenye gari umekunja uso. Ikiwa ni hivyo, soma vile vile. Yeye anajua nilichofanya, lakini nilichokuwa nacho moyoni nakijua mie, na ndicho kichafu zaidi.

Nilifikiri nikutilie barua hii kwenye mkoba uisomee huko melini, uwe mbali, nisikuone. Mama Yosefu kaniuliza kama nataka kukutoroka. Nimemwambia basi upewe mkononi, leo, kabla ya Magharibi, nipo mie yupo yeye, na usiku huu ukachague mwenyewe pa kulala. Kwake chini kitanda kimeshatandikwa. Kwangu juu pia. Kesho bandarini ukinipa mkono nitaushika, usiponipa sitaudai, nitasimama tu mpaka meli ipotee.

Nilitaka kumaliza kwa neno moja, nikamtajia aandike. Kakataa. Kafunika kalamu mpaka nikaliacha. Anasema yeye nilimuomba kwa mdomo, na wewe nikuombe kwa mdomo, karatasi hailibebi. Nimemgombeza, nimemwambia mdomo wangu anaujua. Kasema ndiyo maana.

Basi neno halimo humu. Niko chumbani, kwenye kitanda kile kile alichofia mama yako, mlango nimeuacha wazi. Ukimaliza kusoma njoo usimame hapa mbele yangu, nilitamke.

Mize binti Haji